Shule ya Shabaha Kando ya Ziwa Nyasa

Barabara inayoteremka kutoka Tukuyu kwenda Ipinda na Matema hupita karibu na ziwa Masoko, ziwa dogo lililojaa katika shimo la volkano ya zamani. Juu ya ukingo wake lipo jengo la mawe lililojengwa wakati wa Wajerumani. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza hapo ndipo ilipokuwa kambi ya Kompania ya Tano ya jeshi la kikoloni la Kijerumani, na hapo ndipo vijana wa Kiafrika walipofundishwa kulala kifudifudi, kuegemeza kitako cha bunduki begani na kulenga shabaha. Wenyeji husimulia kwamba Wajerumani walipoona wameshindwa walitupa silaha na fedha ndani ya ziwa. Wageni wengi wanaofika Masoko huuliza habari za hizo fedha. Mimi nimekuwa nikiuliza habari za kile kilichofundishwa pale, kwa sababu somo la bunduki halijawahi kuondoka katika nchi hii ya chini ya Milima ya Livingstone. Limebadilisha wenyewe tu.

Leo hii somo hilo liko mikononi mwa mgambo, au Jeshi la Akiba kama linavyoitwa rasmi. Katika wilaya yoyote ya Tanzania yupo mshauri wa mgambo, ofisa wa Jeshi la Wananchi, na mafunzo yakitangazwa vijana hujiandikisha kupitia kwa watendaji wa vijiji na kata. Nilipitia mafunzo hayo hukuhuku wilayani Kyela nikiwa kijana, na tangu hapo nimekuwa nikienda kuwatazama makuruta kila ninapopata nafasi. Wanafundishwa kwata, usomaji wa ramani, ujanja wa porini, huduma ya kwanza, zimamoto na sheria. Lakini kila kuruta, hata asemeje, anaisubiri siku ya kwenda renji, yaani uwanja wa kulengea shabaha.

Siku hiyo huchelewa kuja, na kuchelewa kwake ni kwa makusudi. Kuruta hukaa wiki nyingi na bunduki isiyo na risasi. Huifungua, hutaja vipande vyake kimoja kimoja kwa sauti, huvipanga juu ya turubai na kuvirudisha mahali pake mpaka mikono iweze kufanya kazi bila macho. Huku kwetu kuna sababu ya ziada ya kusisitiza usafi. Kyela ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote nchini. Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500 juu ya usawa wa bahari, joto ni kali, hewa ina unyevu mwaka mzima, na chuma hushika kutu usiku mmoja. Kamba yenye kitambaa hupitishwa ndani ya mtutu, mafuta hupakwa kidogo, kisha mkufunzi huangalia ndani ya mtutu akiuelekeza kwenye mwanga. Ukiwa na doa, kazi inaanza upya.

Kisha yanafuata mambo ya usalama, na hapa ndipo mkufunzi mzuri hujulikana. Bunduki yoyote unayokabidhiwa unaihesabu kuwa ina risasi, hata kama aliyekupa ameifungua mbele yako. Mtutu hauelekezwi mahali ambapo hutaki risasi ifike. Kidole hakiingii kwenye triga mpaka umeshalenga. Na kabla ya kulenga uwe unajua kilichopo nyuma ya shabaha. Kanuni hizi nne zinafundishwa dunia nzima kwa maneno yanayokaribiana, na aliyezieneza kwa mpangilio huo ni Mmarekani Jeff Cooper, askari wa zamani wa majini aliyefungua shule yake ya bastola huko Arizona mwaka 1976. Kuruta wa Ipinda hahitaji kumjua Cooper. Anachohitaji ni kukemewa kila mara kidole chake kinapoteleza, mpaka kidole chenyewe kijifunze kunyooka pembeni ya bunduki bila kuagizwa.

Kanuni ya nne ina uzito wa pekee Kyela. Bonde letu ni tambarare: mashamba ya mpunga, michikichi, migomba, mikakao, na nyumba zilizojificha katikati ya hiyo miti. Risasi ya SMG, kama AK-47 inavyoitwa huku, hutoka ikienda kasi ya mita 700 hivi kwa sekunde, na ikikosa kizuizi inaweza kuruka zaidi ya kilomita mbili. Katika bonde kama hili, umbali huo ni kitongoji kizima na shule yake. Ndiyo maana renji hutafutiwa kilima cha udongo nyuma yake, mahali pasipo njia ya watu wala malisho, na walinzi huwekwa pembezoni na bendera nyekundu ili akina mama wanaotoka shambani wasikatishe. Mtu anayefyatua bunduki hewani kwenye sherehe, au akimfukuza mwizi, hajui wala hajali risasi yake itaangukia wapi. Kwa maoni yangu huyo hana haki ya kushika silaha hata siku moja.

Kulenga kwenyewe kunaanzia kwenye jicho. Mbele ya mtutu kuna ncha, nyuma kuna mwanya, na mbali iko shabaha. Jicho la binadamu haliwezi kuona vitu vitatu vilivyo umbali tofauti vyote kwa usafi. Kila mgeni hung'ang'ania kuiangalia shabaha, ncha ikapotea, risasi ikaenda inakotaka. Mkufunzi humrudisha: angalia ncha, shabaha iache iwe na ukungu. Hesabu inaonyesha kwa nini. Kwenye SMG umbali kati ya mwanya na ncha ni kama sentimita 38. Ukikosea kuvipatanisha kwa milimita moja tu, risasi itapotoka karibu sentimita 26 kwenye shabaha iliyo mita 100. Hiyo inatosha kukosa kifua cha mtu, au kumpata mtu mwingine.

Halafu pumzi. Kuruta hufundishwa kuvuta hewa, kutoa sehemu yake, kisha kusimama hapo kwa sekunde chache na kufyatua katika ule utulivu. Akikawia mno, jicho huanza kuona giza na mikono hutetemeka. Sharti ashushe bunduki, apumue, aanze tena. Kushusha bunduki si aibu, na wakufunzi hulirudia hilo kwa sababu vijana wengi huona haya kushusha wakati wenzao wanafyatua. Triga nayo haivutwi kwa kishindo. Hubanwa taratibu, kama mtu anayebonyeza embe kujua kama limeiva, mpaka mlio umshtue hata mwenyewe aliyefyatua.

Zoezi la sarafu lipo katika majeshi mengi, na huku halijatoweka. Bunduki tupu hukokiwa, sarafu huwekwa juu ya mtutu, na kuruta hubana triga. Sarafu ikianguka, mkono umecheza. Hakuna risasi iliyotumika wala kelele iliyosikika, na bado kila kosa limeonekana mbele ya wote. Nimeona vijana wenye misuli ya kubeba magunia ya mpunga wakishindwa sarafu hiyo mara kwa mara, na dada mwembamba kutoka vijiji vya ziwani akaishika pale juu kama amejifunza tangu utotoni. Wasichana wengi hufika renji bila majivuno ya kujua bunduki, wanasikiliza, na shabaha zao huwa nzuri.

Siku ya risasi za moto kila kitu huenda kwa amri. Risasi huhesabiwa mbele ya kuruta, hutiwa kwenye magazini kwa amri, bunduki hukokiwa kwa amri, hufyatuliwa kwa amri. Anayesikia amri nusu husimamishwa. Mlio wa kwanza huwatisha wote, na hapo ndipo adui wa kweli wa shabaha hujitokeza: kujikunja kabla ya risasi kutoka. Mwili unajua kishindo kinakuja, unakaza bega, unafumba jicho, unausukuma mtutu chini. Mwenyewe hajijui. Mkufunzi mwenye uzoefu huchanganya katika magazini risasi ya mazoezi isiyo na baruti bila kumwambia kuruta. Triga inabanwa, mlio hautoki, na mtutu unaonekana ukiruka chini peke yake.

“Umeona, kuruta?”

“Nimeona, afande.”

“Hakuna risasi iliyotoka. Nani ameisukuma bunduki?”

“Ni mimi, afande.”

“Rudia.”

Mafunzo yanapokwisha kwa siku hiyo hakuna anayeondoka mpaka maganda yote yameokotwa na hesabu yake imelingana na risasi zilizotolewa. Ganda moja likipotea kwenye majani, kikosi kizima huinama kulitafuta, hata jua likizama. Kila mmoja hutamka kwamba hana risasi wala ganda mwilini mwake. Watu wa nje huona ni usumbufu. Mimi naona hapo ndipo palipo kiini cha shule nzima, kwa kuwa risasi iliyotoroka renji leo ndiyo tutakayoisikia usiku dukani kwa mtu.

Historia ya ziwa letu inaonyesha vizuri gharama ya silaha isiyo na mafunzo yanayofaa, na ya mafunzo yasiyo na silaha inayofaa. Mwaka 1888 Frederick Lugard, Mwingereza aliyekuja kuwa gavana mashuhuri, aliongoza shambulio dhidi ya boma la mfanyabiashara wa watumwa, Mlozi, karibu na Karonga, ng'ambo ya mto Songwe, katika Malawi ya leo. Alikuwa na bunduki na watu wengi, lakini walishindwa kuingia, na Lugard mwenyewe akapigwa risasi iliyomjeruhi mikono yote miwili. Mlozi alidumu pale mpaka mwaka 1895.

Vita Kuu ilipozuka Agosti 1914, pambano la kwanza la majini katika ziwa hili lilitokea Liuli, ambako Wajerumani walikuita Sphinxhafen. Meli ya Waingereza, Gwendolen, chini ya nahodha Rhoades, ilifika na kuikuta meli ya Kijerumani, Hermann von Wissmann, imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Gwendolen ilikuwa na mzinga mdogo, na tatizo lilikuwa kupata mtu aliyejua kuutumia. Alipatikana mfanyakazi wa kampuni ya biashara aliyekuwa na mafunzo ya zamani ya mizinga. Risasi kadhaa zilikosa au zilikataa kulipuka kwa uchakavu, kisha moja ikapiga. Nahodha wa Kijerumani, Berndt, aliyekuwa rafiki wa Rhoades, alikuja kwa mashua akifoka, maana habari za vita zilikuwa hazijamfikia. Kati ya watu wote waliokuwamo melini, aliyeleta tofauti ni yule mmoja aliyewahi kufundishwa.

Mwezi uliofuata, tarehe 9 Septemba 1914, askari waliotoka kambi ya Masoko walivuka Songwe chini ya Kapteni von Langenn-Steinkeller na kushambulia Karonga. Walirudishwa na hasara kubwa. Sehemu kubwa ya jeshi la Kijerumani Afrika Mashariki wakati huo bado ilitumia bunduki ya mwaka 1871, yenye baruti nyeusi. Kila askari alipofyatua, wingu la moshi lilipanda juu yake na kumwonyesha adui mahali alipolala. Fikiria kijana aliyefundishwa miaka mingi kulenga, akijua kwamba akifyatua mara moja tu mahali pake pameshajulikana. Mei 1916 majeshi ya Jenerali Northey yalisonga kutoka upande wa Nyasaland, Wajerumani wakaiacha Tukuyu, iliyoitwa Neu Langenburg, na kambi ya Masoko ikabaki bila mwenyewe. Wanyakyusa na Wangonde, watu wenye undugu wa karibu kwa lugha na damu, walikuwa wamebebeshwa mizigo ya pande zote mbili za vita isiyo yao.

Mafunzo ya sasa yana asili nyingine kabisa. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963. Januari 1964 askari waliorithiwa kutoka kwa Waingereza waliasi, jeshi lile likavunjwa, na tarehe 1 Septemba mwaka huohuo likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, uliotoka miezi michache baada ya Wareno kuvamia Guinea na wiki chache tu baada ya Idi Amin kupindua serikali ya Uganda, ulitaka wananchi wenyewe wafundishwe ulinzi. Amin alipovamia Kagera mwaka 1978, makumi ya maelfu ya mgambo waliitwa na wengi wao walikwenda hadi Uganda. Wazee wa Kyela waliokuwemo wapo bado, na ukiwauliza kilichowasaidia hawataji ujasiri kwanza. Wanataja mazoezi.

Bastola ni habari nyingine, na ni habari inayotuhusu zaidi kila mwaka. Kasumulu ni mji wa mpakani. Malori, wabadilishaji fedha na wanunuzi wa kakao na mchele hupitisha fedha nyingi taslimu, na wapo wafanyabiashara wanaoomba kibali cha bastola. Ombi huanzia chini kwa viongozi wa mtaa au kijiji, hupitia kamati za ulinzi na usalama, na polisi ndio wenye dhamana, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Hilo ni sawa kabisa. Wasiwasi wangu ni juu ya mkono utakaoishika. Bastola huonekana rahisi kwa kuwa ni ndogo, na udogo huo ndio ugumu wake. Haina kitako cha kuegemea begani. Umbali kati ya vilengeo vyake ni kama sentimita 15 tu, kwa hiyo kosa la milimita moja linakupotosha sentimita 10 kwenye mita 15. Mtutu mfupi hugeuka kumwelekea jirani kwa kuzungusha kiwiko kidogo. Ukiongeza giza, woga na mapigo ya moyo, mtu aliyefyatua mara chache tu maishani mwake atampiga mtoto wake kabla ya kumpiga jambazi.

Wengi waliona kwenye simu zao, wakati wa Michezo ya Olimpiki ya Paris mwaka 2024, picha ya Mturuki Yusuf Dikeç akilenga kwa bastola ya hewa huku mkono mmoja ameutia mfukoni, amevaa miwani yake ya kawaida, amefumbua macho yote mawili. Yeye na mwenzake Şevval İlayda Tarhan walichukua medali ya fedha. Watu walimsifia kwa kutojali. Wanaojua renji waliona miaka mingi ya mazoezi katika bega lisilotikisika.

Jirani zetu Wakenya nao wana mfano. Tarehe 21 Septemba 2013, magaidi walipovamia jengo la maduka la Westgate jijini Nairobi, raia wenye vibali vya bastola walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuingia kuokoa watu. Abdul Haji, ambaye baadaye alikuwa Seneta wa Garissa, aliingia kumtafuta ndugu yake na akasaidia kuwatoa wanawake na watoto. Inayat Kassam, mkufunzi wa silaha, alikuwemo siku ile, na alionekana tena katika shambulio la DusitD2 mwezi Januari 2019. Ukizitazama picha za Westgate kwa makini utaona watu wanaosogea taratibu, wanaongojeana, ambao mitutu yao haipiti juu ya migongo ya wenzao. Mwenye bastola asiye na mafunzo angekuwa hatari ya pili ndani ya jengo lile.

Kyela haina magaidi wa namna hiyo, na Mungu aendelee kutuepusha. Hatari yetu imetulia majumbani. Ni gobore lililochongwa na fundi wa kijiji zamani, likatumika kuwatisha nguruwe pori na nyani mashambani, babu akafa, nalo likabaki darini. Baruti yake imelowa, mtutu wake umeliwa na kutu, na siku mjukuu atakapoligusa linaweza kumpasukia usoni. Wapo pia wanaodhani gobore litawasaidia kwa viboko na mamba wa mito ya Songwe, Kiwira na Mbaka. Kiboko aliyejeruhiwa kwa gobore ni hatari kuliko kiboko mzima, na atakayelipa ni mvuvi au mama mchota maji wa kesho asubuhi. Wanyama hao ni wa serikali kwa sheria, na maofisa wanyamapori ndio wenye silaha inayofaa na ujuzi wa mahali pa kumpiga. Kazi ya mwanakijiji ni kutoa taarifa mapema na kudai waje upesi. Wakichelewa, tuwasemee hadharani mpaka waje, maana kuchelewa kwao ndiko kunakowarudisha watu kwenye magobore.

Nina ombi kwa mamlaka na kwa wasomaji. Kwa mamlaka: kibali cha bastola au cha bunduki ya walinzi kihuishwe kwa mwenye nacho kurudi renji kila mwaka, mbele ya mkufunzi wa polisi au wa jeshi, aoneshe kwamba anajua kuifungua, kuilinda, kuilenga na kuiweka chini. Walinzi wa maghala na maduka ya Kyela mjini wengi ni wahitimu wa mgambo, walifyatua risasi chache siku ya mwisho wa mafunzo, na tangu hapo miaka imepita bila hata zoezi la sarafu. Mkono husahau. Waajiri wao wanalipia sare na viatu. Walipie na mazoezi.

Kwa kijana wa Ipinda, Matema, Ngonga au Kasumulu anayetaka kujua bunduki: usijifunze kwa rafiki wala kwa video. Nenda kwa mtendaji wa kijiji chako, uliza mafunzo ya Jeshi la Akiba yatafunguliwa lini, jiandikishe, uvumilie zile wiki za bunduki tupu. Na kwa mwenye gobore la marehemu babu darini: silaha hairithiwi. Usilibebe mwenyewe barabarani. Mwite mwenyekiti wa kijiji, mpeleke taarifa polisi, waje walichukue kabla watoto hawajafunga shule.